Mteja Hakatai Jipya, Anakataa Kuachwa Njiani

Miongoni mwenu wamo vijana wengi wanaopata riziki yao kwa kutengeneza tovuti. Wengine wako London na Leicester, wengine Muscat na Dubai, wengine Toronto na Minneapolis. Wateja wao ni watu wetu: mwenye hoteli Nungwi, mwenye kampuni ya utalii Arusha, jumuiya ya kuzikana na kuchangiana, msikiti, kanisa, chuo, duka la vitenge. Kila tukikutana nao, iwe harusini au msibani, malalamiko ni yale yale: mteja hataki mambo mapya. Unamwonyesha teknolojia ya kisasa ya video na sauti, anatazama, anaisifu, anakukaribisha chai, kisha anakwambia, "Tuache kwanza mwanangu, hii iliyopo inatosha."

Vijana wanamlaumu mteja. Wanasema hana mwamko, ni bahili, amebaki nyuma. Sisi hatukubaliani na lawama hiyo, na leo tunapenda kueleza sababu zetu. Mteja anayesita ana historia ya zaidi ya miaka ishirini nyuma yake, na historia hiyo inampa haki ya kusita. Wahenga walikwisha sema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Anayetaka kumshawishi mtu wa aina hiyo aanze kwa kujua aliumwa wapi.

Tukumbushane. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, jambo jipya lililouzwa kila mahali lilikuwa Flash. Kampuni ya Macromedia ndiyo iliyoieneza, kisha mwaka 2005 Adobe ikainunua Macromedia yenyewe. Kwa hakika Flash ilikuwa kitu cha ajabu katika zama zake. Maandishi yalicheza, mawimbi yalipiga ufukweni, ngoma ililia, na jina la hoteli likaingia likizunguka kama pia. YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005, video zake zilionekana kwa kutumia Flash. Anayesema kuwa Flash haikuwa na faida hasemi kweli, kwani ndiyo iliyowawezesha watu wengi kutazama video kwenye tovuti bila ya taabu kubwa.

Lakini hebu tuangalie jinsi ilivyouzwa kwa watu wetu. Fundi alikuwa na kompyuta mpya na intaneti ya kasi huku Ulaya. Mteja alikaa ofisini kwa fundi, akaona mawimbi yanapiga, akalipa. Mgeni aliyetakiwa kuiona tovuti hiyo alikuwa akitumia simu ya mezani na modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde. Tupige hesabu pamoja. Pambo la kufungulia tovuti lenye kilobaiti 700 tu ni sawa na biti milioni tano na laki sita. Ukigawa kwa biti elfu 56, unapata sekunde 100. Yaani mgeni alitakiwa kusubiri zaidi ya dakika moja na nusu, tena laini ikiwa haina mushkeli, ili aone jina la hoteli likizunguka. Alichotaka yeye ni bei ya chumba na namba ya simu.

Na kule nyumbani hali ilikuwa nzito zaidi. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa kasi ndogo. Mwenye hoteli alilipia tovuti ambayo yeye mwenyewe, akiwa hotelini kwake, hakuweza kuifungua. Mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni pwani alituambia maneno ambayo hatujayasahau. Alimwuliza fundi wake, "Mwanangu, huyu mgeni atalipia chumba, au atalipia hiyo sinema?" Fundi hakuwa na jibu. Tunadhani lile lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyopata kuulizwa juu ya biashara hii.

Halafu yakaja mambo ambayo hata fundi hakuyatarajia. Juni 2007 Apple iliingiza sokoni simu ya iPhone, nayo haikuisoma Flash. Aprili 2010 Steve Jobs alitoa waraka wa wazi akieleza kwa nini kampuni yake haitaikubali, akitaja mambo kama usalama, betri ya simu, na teknolojia hiyo kuwa mikononi mwa kampuni moja. Novemba 2011 Adobe yenyewe ikatangaza kuacha kuiendeleza Flash kwenye vivinjari vya simu. Mwenye tovuti iliyojengwa yote kwa Flash akawa na duka ambalo wateja wenye simu wakifika mlangoni wanakuta ukuta mtupu. Julai 2017 ikatangazwa kuwa mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikazuia kazi za Flash zisifunguke.

Tusidhani kwamba waliopatwa ni wenye vijiduka tu. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa na fomu za kodi zilizotegemea Flash, na Januari 2021 ililazimika kutoa kivinjari chake maalumu ili walipa kodi waendelee kuzijaza. Ikiwa taasisi ya serikali yenye wataalamu na fedha ilifikwa na hayo, itakuwaje kwa jumuiya ya mazishi yenye mweka hazina mmoja na fundi mmoja wa kujitolea?

Wala Flash haikuwa peke yake. Mwaka 2007 Microsoft ilileta Silverlight ili kushindana nayo. Ilikuwa na nguvu, ilikuwa na picha safi, na mwaka 2008 shirika la utangazaji la NBC la Marekani liliitumia kuonyesha michezo ya Olimpiki ya Beijing kwenye intaneti. Nani angethubutu kumwambia mteja kuwa teknolojia iliyobeba Olimpiki ni ya kupita? Hata hivyo msaada wa Microsoft kwa Silverlight ulikoma tarehe 12 Oktoba 2021. Wenye fedha walihama mapema. Wasiokuwa nazo waliachwa na magofu.

Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa walioachwa. Katika miaka ile tulirekodi mazungumzo na wazee wetu waliokuja ughaibuni zamani: mabaharia, wauguzi, walimu, akina mama waliofika na mtoto mgongoni na sanduku moja. Muuzaji mmoja, ambaye hatutamtaja, alitushawishi tuweke sauti zile katika mfumo wake. Alituambia ndio mfumo wa dunia nzima. Mafaili yakakaa kwake, na sisi tukapewa viungo tu vya kuweka kwenye ukurasa. Hatukuuliza nakala, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kuwa nakala ni jambo la kuulizwa. Siku alipofunga biashara, viungo vikabaki na sauti zikaondoka. Tulifanikiwa kuokoa chache ambazo mwenzetu alikuwa nazo kwenye kanda. Wengi wa wazee wale wametangulia mbele ya haki, na hatuna tena mahali pa kuwasikia. Kwa hivyo tunaposema mteja ana haki ya kuogopa, hatusemi ya kusimuliwa.

Je, tunataka vijana wetu waache kuuza mambo mapya? Hasha. Tunasema kinyume chake, maana kukataa kila kipya nako kuna gharama. Mwenye kampuni ya utalii aliyegoma kuitengeneza tovuti yake upya ili isomeke kwenye simu alipoteza wageni hao hao ambao mwenzake wa Flash aliwapoteza. Na leo kuna mambo mapya yenye manufaa ya kweli kwa watu wetu kuliko ngoma na mawimbi ya zamani. Tutaje matatu.

La kwanza ni HTML5. Hii ilikamilishwa kuwa kanuni rasmi ya shirika la viwango vya wavuti, W3C, Oktoba 2014, na kwa njia hiyo kivinjari huonyesha video na kupiga sauti chenyewe bila ya programu ya nyongeza. Januari 2015 YouTube iliifanya kuwa njia yake ya kawaida. Hii si mpya tena kwa mafundi, lakini wako wateja ambao tovuti zao bado zina mashimo pale Flash ilipokuwa.

La pili ni namna mpya za kubana video. Namna iliyozoeleka, H.264, ni ya mwaka 2003. Namna mpya iitwayo AV1, ambayo maelezo yake yalitolewa mwaka 2018 na muungano wa makampuni makubwa, imekusudiwa itumike bila ya malipo ya hati miliki, na kwa ubora unaokaribiana hula data pungufu. Kwa mtu anayenunua bando la siku Tanga au Lubumbashi, data pungufu ni pesa. Video ya dakika mbili kwa megabiti nne kwa sekunde ni megabaiti 60. Ukiipunguza hadi megabiti moja kwa sekunde, ni megabaiti 15. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu ataitazama au ataipita.

La tatu ni mazungumzo ya sauti na picha ya moja kwa moja ndani ya kivinjari, kwa teknolojia ya WebRTC, ambayo W3C iliipitisha kuwa kanuni Januari 2021. Wakati wa korona, mwaka 2020, tulijua thamani ya mambo haya. Wangapi kati yetu walifuatilia maziko ya mzazi kwa simu, wakilia jikoni kwao Coventry au Houston huku wenzao wakitia udongo kaburini? Jumuiya inayoweza kuwapa watu wake nafasi ya kushiriki namna hiyo kwa heshima, bila ya matangazo ya biashara kuchomoza katikati ya dua, imefanya jambo kubwa.

Sasa basi, fundi afanyeje ili mteja akubali? Tuna mambo manne ya kumshauri.

Kwanza, aanze na mteja wa mteja. Asimwambie mwenye hoteli juu ya AV1 wala HTML5. Amwombe simu yake mwenyewe, tena isiwe ile mpya ya mwanawe, wafungue pamoja tovuti ya sasa kwa intaneti ya kawaida, na wahesabu sekunde. Kisha wafungue ile anayoipendekeza kwa simu hiyo hiyo, mahali hapo hapo. Mtu akiona kwa macho yake mgeni wake anavyosubiri, hahitaji hotuba. Na ikiwa tofauti haionekani kwenye simu hiyo, fundi ajue kuwa jambo lake bado halijafika wakati wa kuuzwa.

Pili, asibomoe kabla ya kujenga. Waswahili tunasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika HTML5 fundi anaweza kuorodhesha video ile ile kwa namna mbili au tatu, na kivinjari kikachukua ya kwanza kinayoiweza. AV1 inawekwa juu, H.264 inabaki chini yake. Hili si pambo, ni lazima, maana kwa upande wa Apple, simu za kwanza zenye kifaa cha ndani cha kufungulia AV1 zilikuwa iPhone 15 Pro za mwaka 2023, na za kabla yake hazina. Fundi akiweka AV1 peke yake, atakuwa amerudia kosa la Flash kwa jina jipya. Na bei ya chumba, namba ya simu, saa za sala au saa za ibada ziandikwe kwa maandishi ya kawaida kwenye ukurasa, zisifichwe ndani ya video. Maandishi husomwa na Google, husomwa na kipofu kwa programu ya kumsomea, na hufunguka hata intaneti ikiwa dhaifu.

Tatu, aseme gharama zote mezani. Video ina gharama ya kutengeneza, gharama ya kuhifadhi na gharama ya kusafirisha kila inapotazamwa. Mteja akiambiwa ya kwanza tu, mwezi wa tatu atapokea ankara asiyoitambua, na hapo fundi amepoteza mteja, ukoo wake na jirani zake. Ziko pia gharama ambazo ni za lazima na zina faida: maandishi chini ya video kwa wasiosikia. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya ufikivu wa bidhaa na huduma ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, na wanaouza huduma kwa watu wa huko, kama vile duka la mtandaoni, wanapaswa kuiangalia. Kwa watu wetu maandishi hayo yana faida nyingine. Mtoto aliyezaliwa Birmingham anayesikia Kiswahili kwa taabu anaweza kusoma Kiingereza chini, huku bibi yake akisikiliza kwa lugha yake.

Nne, na hili ndilo tunalolitilia mkazo kuliko yote, aeleze siku ya kwanza jinsi ya kutoka. Kila teknolojia ina mwisho wake. Fundi amkabidhi mteja faili la asili la kila video na kila sauti, katika diski ya mteja, nyumbani kwa mteja. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la mteja. Neno la siri liwe mikononi mwa watu wawili wa jumuiya. Na iandikwe katika mkataba, kwa Kiswahili kinachoeleweka, nini kitatokea fundi akihama, akiugua, akifariki au kampuni yake ikifungwa. Karatasi hiyo ni ya ukurasa mmoja tu. Tungekuwa nayo sisi wakati ule, leo mngesikia sauti za wazee wetu.

Wako watakaosema kuwa mteja akielezwa yote hayo atakimbia. Atasikia neno "mwisho" na kufunga mkoba wake. Tunakubali kuwa wengine watakimbia. Lakini tuangalie mambo kwa upana. Biashara ya watu wetu ughaibuni haitembei kwa matangazo, inatembea kwa midomo. Anayetendewa vizuri atasema msikitini, atasema kanisani, atasema saluni. Aliyedanganywa naye atasema, tena kwa sauti kubwa zaidi. Fundi aliyemwambia mteja, "Bwana, hili halikufai kwa sasa, subiri," ndiye atakayepigiwa simu siku jambo litakapofaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi anayelazimika kuitembeza teknolojia yake kwa maneno matamu kila siku ajiulize ni kwa nini haijiuzi.

Kwa upande wenu wateja, nanyi tunawaomba jambo. Msimkatae kijana kwa sababu tu mliumizwa na aliyemtangulia. Mwulizeni maswali matatu: nani wa watu wangu atafaidika na jambo hili, itanigharimu kiasi gani mwaka wa pili, na nikitaka kuondoka nitaondoka na nini? Akijibu bila ya kuzungusha maneno, mpeni kazi ndogo kwanza. Video moja, ukurasa mmoja, miezi mitatu. Ikileta watu, endeleeni. Isipoleta, hasara ni ndogo na hakuna aliyegombana na mwenzake. Na mkimpa kazi mlipeni kwa wakati. Tabia ya kumwambia kijana "wewe ni mwenetu, utatufanyia tu" ndiyo inayowafanya mafundi wazuri waende kwa wageni, na jumuiya zetu kubakiwa na waliokosa pa kwenda.

Sisi hapa tutaanza na nafsi zetu. Kila mazungumzo tutakayoyaweka kwa sauti au video yatakuwa na muhtasari wake wa maandishi, faili lake la asili litahifadhiwa mahali pawili, na kila mzee atakayezungumza nasi, au familia yake, atapewa nakala yake mkononi. Hatutakuwa wa kwanza kutumia kila kinachotoka. Tunachotaka ni kwamba mjukuu akija kumtafuta babu yake miaka ishirini ijayo, amkute.

Tunawatakia mafundi wetu kazi njema, na wateja wao subira.